Sijambo ya Mzee Haroub

Mpemba, hata awe amevunjika mguu, ukimuuliza hali atakujibu sijambo, alhamdulillahi. Hayo ndiyo malezi yetu, na ni malezi mema, lakini yamewawahisha wengi kaburini. Ruweida binti Mabruki, muuguzi wa wodi ya upasuaji, analijua hilo kama anavyolijua jina lake. Salamu ya mgonjwa huipokea kwa masikio, hali yake akaitafuta kwa vidole.

Asubuhi moja ya msimu wa karafuu alimkuta Mzee Haroub wa Gando amekaa ukingoni mwa kitanda, kofia kichwani, kanzu keshaivaa. Juzi yake tawi la mkarafuu lilimkatikia, akaangukia ubavu wa kushoto. Zamani mchumaji hakupanda peke yake. Chini palikuwa na mtu wa kumwangalia, na akianguka, shamba zima lilishuka, wakambeba kwa kitanda cha kamba, uchumaji ukasita. Siku hizi kila mtu na pishi lake la karafuu. Haroub aliokotwa na mpita njia.

Mwanawe, Silima, alikuwa akichezesha funguo za gari.

"Bi Ruweida, mzee hana neno, kasema mwenyewe. Waambie wakubwa wako watupe ruhusa. Karafuu ziko jamvini na mvua ile inakuja."

"Karafuu zikiroa utazianika tena. Baba utamwanika wapi?"

"Ah, muulize mwenyewe basi!"

"Hujambo, mzee?"

"Sijambo, mwanangu, alhamdulillahi. Bega tu hili la kushoto, nimelilalia vibaya. Nipeni maji ya kunywa, nende zangu."

Ruweida akaacha alichokuwa akifanya. Bega lile halikugusa ardhi siku ya kuanguka, na jana halikuuma. Alijua kuwa damu ikivuja tumboni ikapanda hadi chini ya mbavu, maumivu yake huchomoza begani. Na kiu ile hakuipenda. Wala hakupenda namna mzee alivyokuwa akifungua na kufunga kifungo cha kanzu, kama mtu asiyepata pa kuweka mikono.

Akamshika kifundo cha mkono. Mapigo yalikuwa ya mbio, membamba kama uzi. Pumzi fupi fupi. Presha haikuwa imeshuka sana, lakini hilo halikumpumbaza. Mwili uliozoea kupanda mikarafuu huuficha upungufu wa damu kwa muda, kisha huporomoka mara moja.

"Lala, mzee."

"Nitalala kwetu."

"Kwenu utalala, inshallah. Sasa lala hapa."

"Unamtisha mzee wangu!" Silima akafoka. "Asubuhi nimempiga picha, nimewapelekea ukoo mzima. Wote wamesema kapona!"

"Silima, shika miguu ya baba yako."

Zamani aliyekwenda kumtazama mgonjwa alikaa chini akamkanda miguu, hakuhitaji kuambiwa. Silima aliweka funguo kitandani, akaishika. Wodi ilikuwa na joto la kutokwa na jasho, na miguu ya baba yake ilikuwa baridi kama samaki wa barafu.

Ruweida alikuwa keshamwita Daktari Rajab. Mpaka daktari anaingia, mzee amelazwa chali, miguu imeinuliwa, hewa ya oksijeni iko puani, sindano nene za dripu ziko mikono yote miwili, na damu ya kupimwa kundi imekwenda maabara. Maji alinyimwa.

"Nashuku bandama, daktari. Anavuja ndani."

Rajab alipitisha kipimo cha ultrasaundi tumboni, akakiona alichoambiwa. "Chumba cha upasuaji, sasa hivi. Damu?"

"Ya akiba ni kidogo. Nawatafuta ndugu."

"Anza na mimi," alisema Silima, mkono wa shati keshaupandisha. Kisha akapiga simu Gando. Zamani ungekuja mtaa mzima. Walikuja wachumaji wawili, wana majani ya karafuu kwenye nywele, mmoja akiogopa sindano kuliko anavyoogopa kilele cha mkarafuu.

"Wewe, mti mrefu vile unapanda, hii huiwezi?" Ruweida alimtania huku akimfunga mpira mkononi.

"Mti haunichomi, Bi Ruweida!"

Bandama ilikuwa imepasuka. Ilitolewa, damu ikasita. Karafuu za Silima ziliroa jamvini, zikaingia ukungu. Akazimwaga, na sikumsikia akizililia.

Siku ya pili yake Ruweida aliingia wodini, akamkuta kijana huyo amekaa sakafuni, anamkanda baba yake miguu. Akaishika na yeye. Ilikuwa na joto.

"Hujambo, mzee?"

Haroub alimtazama mwanawe, akamtazama Ruweida.

"Naumwa, mwanangu. Wallahi naumwa, tumbo zima."

"Alhamdulillahi," alisema Ruweida, akaenda kumletea dawa ya maumivu.