Kulala Msituni Bila Sababu

Mimi ni mtoto wa wafugaji. Wazazi wangu walishuka kutoka kaskazini na ng'ombe wao wakaja kukaa kwenye nyika za Usangu, mbele ya Rujewa, na huko ndiko nilikozaliwa. Kiangazi kikikaza, familia nzima ilihama na mifugo kufuata majani. Tulilala nje, ngozi ya ng'ombe chini, shuka juu, mama akiwa upande wa upepo. Hakuna aliyetuonea huruma kwa sababu hatukujua kwamba hilo ni jambo la kuonewa huruma. Baadaye nilipelekwa shule, na huko nikajifunza kwamba watu wenye akili hulala ndani.

Mume wangu nilimpata Ubaruku. Alikuwa dereva wa lori la mpunga, mimi nikipepeta chenga kwenye mashine ya kukoboa. Tukaishi Rujewa miaka mingi, mpaka mgongo wake ulipokataa kabisa usukani. Ndipo tukarudi kwao, kijiji cha milimani, pembeni ya barabara ya Iringa kwenda Idodi. Ni kijiji cha Wahehe, wengi wao Walutheri na Wakatoliki, watu wa mahindi na viazi, watu wa kusalimiana "Kamwene" hata kama wamegombana jana.

Kijiji kina msitu wake. Si wa serikali kuu wala wa mtu binafsi, ni wa kijiji, na kila mwaka kabla majani hayajakauka kila kaya hutoa mtu mmoja kwenda kufyeka njia ya moto kuuzunguka. Kwa kuwa mume wangu hawezi kuinama, anayekwenda ni mimi. Nimeufyekea msitu ule mpaka viganja vikawa kama magome. Najua mkondo wa maji unapopita, najua jiwe pana lililolala katikati ya miombo kama sakafu iliyopigwa sementi. Kila nilipopita pale na panga langu nilijisemea, siku moja nitalala hapa.

Mwaka mmoja, tulipomaliza kuvuna mahindi na baridi ya Juni ilikuwa imeanza kushuka, nikamwambia mume wangu.

"Nataka kwenda kulala msituni."

Akaweka kikombe chini. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Nimekukosea?"

"Hujanikosea."

Akatazama mlangoni. Nilijua anawaza kaka yake mkubwa atasema nini. Kisha akasema, "Chukua turubai la lori, lile la kijani. Lile jingine linavuja."

Nilikuwa nalikokota uani pale wifi yangu aliponiona. Huyu ni dada wa mume wangu, wakati huo alikuwa amefiwa na mume mwaka uliotangulia, kiongozi wa kwaya ya akina mama, mwanamke ambaye vitenge vyake havijawahi kuwa na mkunjo.

"Wifi, unahama?"

"Nakwenda kulala msituni."

Akacheka. Alipoona sicheki, akauliza, "Na nani?"

"Peke yangu."

"Mwanamke halali msituni peke yake."

"Basi njoo tuwe wawili."

Nilisema kwa kumkomoa tu. Lakini aliingia ndani kwake, akatoka na blanketi, birika na viatu vya mvua vya marehemu mumewe, akanipita na kutangulia njiani.

Upande wa Idodi nisingefanya hivyo. Huko tembo hushuka mpaka kwenye mashamba, na mimi sina wazimu. Huku kwetu kuna fisi, naye fisi ukimwonyesha moto anakwenda kutafuta riziki kwingine. Tulifunga turubai kati ya miti miwili kando ya lile jiwe pana, tukapanga mafiga, tukachemsha viazi na maharage. Na kwa kuwa wifi ni mtu wa usafi, alinituma nichimbe shimo la choo mbali na maji, naye akachagua mahali penyewe kama mtu anayechagua kiwanja cha kujenga. Jua lilipozama baridi ilituingia mpaka kwenye meno. Tukalala tumeegemeana migongo.

Asubuhi nilimkuta ameshaamka, amekaa juu ya jiwe na birika lake, ukungu umemfikia magotini. Hakuwa anaomba wala anaimba. Nikamwuliza kama amelala.

"Nimelala," akasema. "Tangu mume wangu afe, kila siku kuna mtu ananigongea mlango alfajiri kutazama kama mimi ni mzima. Mara mtoto wa shangazi, mara mzee wa kanisa. Wanaamua nile nini, nilale na nani chumbani nisijisikie mpweke. Leo hakuna aliyegonga."

Akanimiminia chai. Hatukulizungumza tena.

Tukarudi mara nyingine, na nyingine. Hatukujificha. Tulipita katikati ya kijiji mchana kweupe, turubai kichwani, jembe begani, tukisalimia watu. Na watu, kama kawaida ya watu, wakaanza kutafuta jibu la swali ambalo hawajatuuliza. Wengine walisema mimi nimegoma kulala nyumba ya ukweni. Wengine wakasema tunapewa dawa na mganga. Lakini lililoshika kasi kuliko yote lilikuwa la rupia. Wazee wa huku wanaamini Mjerumani alipokimbia alifukia fedha milimani, na kila mgeni akionekana na jembe mahali pasipo shamba, basi ana ramani. Mimi ni mtu wa kuja. Na jembe nilikuwa nalo.

Asubuhi moja tukiwa bado tunakunja mablanketi, tukamwona mwenyekiti wa kijiji anapanda na mgambo wawili, watu wazima wenye virungu, na nyuma yao shemeji yangu, yule kaka mkubwa wa mume wangu, amevaa koti la kanisani.

"Kamwene," mwenyekiti alisema.

"Kamwene," tukaitikia.

"Mama, tumepata taarifa kwamba mnachimba huku."

"Hatuchimbi."

"Jembe hili la nini?"

Kabla sijajibu, mgambo mmoja alikuwa ameshaona udongo mbichi nyuma ya kichaka. Akaita kwa sauti ya ushindi. Wakakimbilia kule wote.

"Msichimbe hapo," nikasema.

"Ahaa!" akasema mgambo, akarudi kuchukua jembe langu.

Nilitaka kuwafuata niwaeleze, lakini wifi alinishika mkono. "Waache," akasema. "Waache wachimbe."

Wakachimba. Hawakuchimba sana. Aliyeshika jembe aliliachia kama limemuunguza, mwenzake akageuka akashika pua, na mwenyekiti akabaki anautazama udongo kama mtu anayesoma barua ya msiba. Wifi yangu, kiongozi wa kwaya, alikaa chini juu ya jiwe akacheka mpaka kilemba kikamwanguka. Shemeji hakucheka. Alinijia karibu.

"Unatudhalilisha," akasema. "Watu watasema nyumba ya mdogo wangu haina kitanda."

"Kitanda kipo, shemeji. Karibu ukione."

"Mwanamke mzima unalala porini kama swala! Huko kwenu ndivyo mlivyozoea. Hapa si kwenu."

Neno hilo nimelisikia tangu nikiwa mtoto, kwa lugha nyingi. Shuleni nililisikia, sokoni nikalisikia, hata kwenye mashine Ubaruku nililisikia. Nilidhani nimeshazoea. Asubuhi ile niligundua kwamba sikuwa nimezoea, nilikuwa nimelimeza tu, na sasa limefika kooni. Nilikunja turubai taratibu, pembe kwa pembe, wakanisubiri mpaka nikamaliza.

Tulipofikishwa ofisini kwa mtendaji, mwenyekiti alitaka yaishe. Si mtu mbaya. Alitukalisha kwenye benchi, akapunguza sauti.

"Sikilizeni, akina mama. Wanawake wa huku wanapanda milimani kufanya maombi, na hakuna anayewauliza. Wengine wanafunga siku kadhaa huko huko. Semeni tu mlikuwa kwenye maombi, mimi nitawaambia watu, tumalize."

Ulikuwa mlango mpana. Wifi yangu angesema neno moja tu na kijiji kizima kingeamini, pengine wangemletea na uji. Alinigeukia. Uso wake haukuniambia lolote, alikuwa ananisubiri.

"Hatukuwa kwenye maombi," nikasema.

"Mama, nakusaidia."

"Naona, mwenyekiti, na nashukuru. Lakini nikidanganya leo, mwakani nitatafuta uongo mwingine. Tulikwenda kulala."

"Kwa sababu gani?"

"Kulala."

"Hiyo si sababu!"

"Basi hatuna."

Akavua kofia, akajikuna kichwa, akasema jambo hili litakwenda mkutano mkuu wa kijiji.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa ofisi, watu wamekaa kwenye majani, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Nilikuwa nimezoea mikutano ya kusikiliza. Huu ulikuwa wa kunisikiliza mimi. Mzee mmoja akasimama akasema wafugaji wakishazoea mahali huleta na ng'ombe zao, kwa hiyo huu ni mwanzo tu. Watu wakaguna kwa kukubali. Nikaomba nafasi.

"Naomba mtendaji atusomee sheria ndogo za msitu," nikasema.

Akasoma. Usikate mti mbichi. Usichome mkaa. Usiwinde. Usiingize mifugo bila kibali. Usiwashe moto wakati wa kiangazi, kuanzia Agosti mpaka mvua za kwanza. Alipofika mwisho akakunja karatasi.

"Kulala je?" nikauliza.

"Haijaandikwa."

"Haijaandikwa kwa sababu hakuna mwenye akili aliyewahi kuifikiria!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na uwanja mzima ukacheka. Nami nikacheka, maana alikuwa amesema vizuri. Kisha nikainua mikono yangu, viganja mbele.

"Hii mikono inafyeka njia ya moto kila mwaka. Siku hiyo hakuna anayeniambia mimi ni mtu wa kuja. Siku hiyo mnanihesabu, na nisipofika mnanipiga faini. Sasa naomba mnieleze. Nikiwa na panga msitu ni wangu, nikiwa na blanketi si wangu?"

Nikaendelea, maana nilijua nikikaa sitainuka tena.

"Sina ng'ombe. Sina ramani. Siumwi, na mume wangu hajanifukuza. Nimeolewa hapa, nalima hapa, nitazikwa hapa. Nimependa kulala kwenye msitu wetu, nimelala, na asubuhi sikuacha hata ganda la kiazi. Na nitalala tena."

Nikakaa. Wifi akasimama bila kuomba nafasi.

"Huyu mmemwita mtu wa kuja," alisema. "Mimi je? Kitovu changu kimezikwa pale nyuma ya ghala. Nimelala naye kila mara. Kama ni kosa, nianzieni mimi."

"Dada, kaa chini," shemeji akasema.

"Kaka, nimekaa chini mwaka mzima."

Ndipo upande wa wanaume nikamwona mume wangu anainuka, kwa shida, ameshika kiuno. Si msemaji. Alitazama watu, akatazama ardhi.

"Turubai ni langu," akasema, akakaa.

Watu walibishana mpaka mbuzi wakaanza kurudi. Mwishowe wakaamua hivi: mwanakijiji anayetaka kulala msituni atoe taarifa kwa kamati ya maliasili kabla ya kwenda, na kiangazi hakuna moto hata wa chai. La moto nililiunga mkono kwa mikono miwili, maana najua nani atazima ukiwaka. La taarifa nililikubali kwa sharti moja, kwamba wasiniulize kwa nini. Sharti langu halikupitishwa. Kwa hiyo mwenyekiti wa kamati huniuliza kila nikienda, nami humjibu "kulala", naye hutikisa kichwa.

Si kwamba yaliisha vizuri. Shemeji hajala kwangu tangu siku hiyo, na siku za sikukuu tunampelekea chakula kwake, anakipokea mkewe. Wifi aliombwa apumzike uongozi wa kwaya "kwa muda". Muda huo haujaisha. Sasa anasimama mstari wa nyuma, na sauti yake inasikika mpaka barabarani kuliko alipokuwa mbele. Nilimwuliza kama anajuta. Akaniuliza kama nimenunua chumvi ya safari.

Juni iliyopita, mwanamke mmoja wa kitongoji cha chini alitukuta mtoni tunajaza dumu. Ni mdogo wetu kwa umri, ana watoto wadogo wanaofuatana kama ngazi. Akauliza kama anaweza kuja nasi. Tukamwambia msitu si wa baba zetu. Jioni akaja na mkeka na kitenge. Njiani alituambia kwamba amemwambia mumewe anakwenda kulala kwa dada yake anayeumwa.

"Ungemwambia ukweli," nikasema.

"Angekataa."

"Angekataa, kisha ungekuja."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa aruke mto. Wifi akanikanyaga mguu ninyamaze, na nikanyamaza, kwa sababu mimi nina mume wa turubai na si kila mtu anaye.

Tukapanga mafiga. Yule mwanamke alikaa akaegemea mti akituangalia tunavyomenya viazi, mkono wake ukiwa bado unapapasa pembeni kama kuna mtoto wa kufunika. Kabla maji hayajachemka alikuwa amelala, viatu miguuni, mdomo wazi, jua likiwa halijamaliza kuzama. Wifi alivua blanketi lake mabegani akamfunika. Tulikula bila kuongea tusimwamshe, na fungu lake tukalifukia kwenye majivu libaki na moto.