Mali Yangu Mpaka Jakobsberg

Mume wangu alikuwa mwaminifu kupita kiasi, na uaminifu wake ulitusumbua kuliko ulevi wa waume za wenzangu. Nasema hivi nikiwa na akili zangu timamu. Mlevi angenunua pikapu, angeilipia kodi, na angeiendesha. Yeye aliinunua, akaenda kuilipia kodi, akaanza kuuliza maswali.

Ilikuwa miaka ya themanini. Tulikaa Bredäng, kitongoji cha Stockholm, mimi nikipika kwenye nyumba ya wazee, yeye akifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji. Alitoka Tanzania kuja kwa mafunzo, mimi nikamfuata, na mafunzo yalipokwisha hakuna aliyekumbuka kuturudisha. Tulikuwa na kishamba cha kukodi nje kidogo ya mji, na ile pikapu, nyekundu yenye kutu milangoni, ilikuwa ya kubebea samadi na viazi. Ndivyo alivyomwambia dada wa kaunta kwenye ofisi ya magari. Dada akasema samadi yako na viazi vyako ni matumizi binafsi, kodi yake ni ile ndogo. Mtu mwingine angeshukuru akatoka.

Mume wangu akauliza, je, nikimhamishia rafiki vitu vyake? Dada akasema rafiki hana tatizo, mradi asikulipe. Ukilipwa, gari linakuwa la biashara, kodi inabadilika na kibali kinatakiwa. Hapo napo pangetosha. Lakini kwetu mtu hakubebei kabati mpaka ghorofa ya tano ukamwacha aondoke mikono mitupu. Mume wangu alilijua hilo, na dhamiri yake ikamkaba. Akauliza, na rafiki akinipa pilau?

Alinisimulia mwenyewe jioni ile, bila aibu. Dada alicheka, kisha akaacha kucheka. Akaingia ndani, akarudi na mwenzake mwenye miwani. Huyo alitaka kujua kama pilau hukubaliwa kabla ya safari. Mume wangu akajibu kwamba haizungumzwi kamwe. Na siku isipokuwepo? Mume wangu akafikiri kwa makini, akasema atashangaa.

"Basi unaitarajia," akasema mwenye miwani. Na kinachotarajiwa, akaeleza kwa upole, kinaweza kuhesabiwa kuwa malipo.

Ndiyo tukaanza kukataa chakula. Usiombe. Kuna mzee mmoja wa kwetu tulimhamishia vitu Vällingby, mkewe akaandaa kuku wa kupaka, mume wangu akasimama mlangoni akisema hawezi kula kwa sababu ya kodi ya gari. Yule mama alidhani tumeona jiko lake chafu. Tulipokutana kwenye treni alikuwa anatazama dirishani hata tukiwa ndani ya handaki, ambako hakuna cha kutazama.

Aliyetuokoa, au tuseme aliyetutia wazimu rasmi, alikuwa Mganda mmoja rafiki wa mume wangu. Tulimwita Mwanasheria kwa kuwa alisoma sheria Kampala kabla ya kukimbia nchi. Stockholm alikuwa anaosha mabasi, lakini sheria haikumtoka. Ilikuwa imekwama ndani yake na ilitafuta pa kutokea. Alikaa jikoni kwetu, akala maharage yangu sahani mbili, akatoa hukumu. Gari ni la biashara likibeba mali ya mtu mwingine kwa malipo. Basi lisibebe mali ya mtu mwingine. Anayehama atukabidhi vitu vyake kabla ya safari, viwe vyetu kabisa, na tukifika tumrudishie. Njiani tutakuwa tumebeba mali yetu. Pilau tutakayokula baadaye itakuwa mwaliko tu.

Nilimwambia huo ni mchezo wa watoto. Mume wangu akaniangalia kama mtu aliyefunguliwa pingu.

Mwanasheria aliweka masharti. Lazima maneno yatamkwe kabla injini haijawashwa: nakupa vitu hivi kwa hiari yangu. Mpokeaji aseme nimepokea. Wawepo mashahidi wawili. Tukifika, chochote kisishuke kabla maneno hayajarudiwa kinyume. Mimi niliyelelewa Tanga kila nikisikia nilihisi ndoa inafungwa, na kwamba anayeozwa ni kabati la nguo.

Watu walikubali, tena kwa furaha iliyonishangaza. Mkongomani mmoja alitukabidhi vitanda vyake kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, akatoa hotuba kuhusu marehemu baba yake, akalia. Binti yetu, ambaye alikuwa anatujibu Kiswidi hata tukimwuliza kwa Kiswahili, alikabidhiwa baiskeli ya mtoto mwenzake, na tulipofika hakutaka kusema maneno ya kuirudisha. Ilibidi tumbembeleze barabarani huku mvua inatunyeshea. Mimi mwenyewe sikuwa mtakatifu. Kulikuwa na taa ya mezani ya Mkenya mmoja, yenye shingo ndefu, nikamwambia mume wangu naipenda. Akasema si yetu. Nikamwambia ni yetu mpaka Vällingby, kwa hiyo naipenda kihalali, aniache.

Halafu friji la mtu likafa njiani. Lilipanda zima, likashuka bubu. Mwenyewe alitaka fidia. Mume wangu, kama kawaida yake, alikuwa tayari kulipa na kuomba radhi. Mwanasheria akakataa katakata. Akasimama katikati ya sebule yetu akasema kilicho ndani ya gari ni mali yetu kweli, si ya kuigiza. Friji lilikufa likiwa letu, msiba ni wetu, na mwenyewe kapokea zawadi ya friji bovu aseme asante. Watu walipiga makofi. Mke wa Mwanasheria hakupiga. Alikuwa amekaa pembeni anashona kwa mkono pindo la gauni la bibi harusi, na nilijiuliza kwa nini kwa mkono, kwa sababu alikuwa na cherehani.

Jibu nililipata majira ya kuchipua, alipokuja kwangu asubuhi mumewe akiwa kazini. Mwanasheria alikuwa ameifungia cherehani stoo mpaka mkewe amweleze kila mteja ni nani na ana uhusiano gani naye. Nyumbani kwao kila jambo lilikuwa kesi, na hakimu alikuwa mmoja. Cherehani ile aliinunua mwenyewe kwa kufagia maofisi, wote tulijua, lakini mume alishikilia kwamba kilichoingia ndani ya nyumba yake ni chake. Sasa amepata chumba Jakobsberg. Ufunguo wa stoo ameupata pia. Sikumwuliza vipi.

"Dada, vyombo abaki navyo," akaniambia. "Mimi nataka nguo zangu na cherehani. Bila cherehani nitarudi kwake kabla mwezi haujaisha, na yeye analijua hilo."

Mume wangu alinywea. Alikuwa anampenda yule rafiki. Lakini alichukua funguo za pikapu, na kwa hilo namheshimu hadi leo.

Tukapakia mbele ya jengo lao. Cherehani ya mkono ndani ya sanduku lake la mbao, masanduku mawili ya nguo, furushi la vitambaa. Nikasema haya, twende. Mume wangu akasema maneno hayajatamkwa. Nilitamani kumpiga. Nikamwambia leo si siku ya upuuzi huo. Akasema bila maneno hawashi gari, na bila mashahidi hayo si maneno.

Mashahidi wa kuwatoa wapi saa ile, watu wote wako kazini? Palikuwa na bibi mmoja wa Kiswidi na mbwa wake, na fundi wa jengo aliyekuwa anafagia changarawe zilizomwagwa njiani wakati wa barafu. Mume wangu akawaomba kwa Kiswidi chake cha adabu kama wangeweza kusimama kidogo wasikilize. Wakasimama. Fundi alivua kofia. Kisha ujasiri ukamwishia mume wangu. Kupokea mali kwa mke wa rafiki yake hakuweza. Akasema, "Mpe mke wangu." Yule dada akanishika mikono, akatamka kwamba ananipa vyote kwa hiari yake, nami nikasema nimepokea. Bibi wa Kiswidi akasema ilikuwa nzuri sana.

Hapo ndipo Mwanasheria akatokea upande wa kituo cha treni, kopo lake la chakula mkononi. Sijui nani alimpigia simu. Hakukimbia. Alikuja akasimama mbele ya gari, akaangalia mzigo, akamwangalia mkewe aliyekuwa amekwisha kaa ndani.

"Shemeji," akaniambia taratibu, "shusha hiyo mashine. Hiyo ni yangu."

Nilimwogopa, naye alikuwa mtu aliyekula kwangu mara ngapi. Nikapanda nyuma ya pikapu, mkono wa koti ukanasa kwenye ndoano ya kamba ukachanika mpaka kiwikoni, nikakaa juu ya sanduku la cherehani.

"Si yako," nikasema. "Na si ya mkeo pia. Ni yangu mpaka Jakobsberg."

Nilimwona akitafuta, kama mtu anayepapasa mifuko yake. Akauliza, "Mashahidi walikuwepo?"

Nikamwonyesha. Akawaendea, akawauliza kwa Kiswidi waliona nini. Bibi akasema hakuelewa hata neno moja, lakini mambo yalikuwa wazi kabisa. Fundi naye akakubali. Mwanasheria akarudi. Maneno yalitamkwa kabla injini haijawashwa? Nikasema kabla. Akavuta pumzi, akaanza kusema kwamba mtu hawezi kutoa kisicho chake, nami nikamkatiza kwa neno moja tu.

"Friji."

Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba nilidhani nitafurahi. Sikufurahi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyejijengea nyumba akajifungia nje, na nilimwonea huruma, na huruma ile ikanikasirisha zaidi. Angeweza kuninyang'anya, alikuwa na nguvu, na mume wangu angezimia kwanza. Lakini angekanyaga sheria aliyoitunga mwenyewe, mbele ya mashahidi, na hiyo ndiyo ilikuwa mali pekee iliyombakia.

"Na huko Jakobsberg?" akauliza.

"Huko nitampa nimtakaye."

Akasogea pembeni.

Mume wangu akawasha gari, halafu akalizima. Akanisihi niteremke nije mbele, kwa kuwa gari la mizigo likibeba mtu nyuma ni aina nyingine ya gari na kodi yake huenda ni nyingine. Niliteremka. Mwanasheria aliniangalia nikizunguka kwenda mlangoni, na naapa aliitikia kwa kichwa, kama mwalimu aliyesikia jibu sahihi.

Tulikwenda watatu mbele. Daraja baada ya daraja yule dada alikuwa anageuka kutazama sanduku kupitia kioo cha nyuma.

Chumba cha Jakobsberg kilikuwa kitupu, kina harufu ya rangi mpya. Mimi niliyeyacheka maneno yale tangu mwanzo niliyasema yote, polepole, kule chini barabarani, pikapu ikiwa bado imebeba mzigo: nakupa cherehani hii, na nguo, na vitambaa, kwa hiari yangu, ni vyako. Yeye akasema nimepokea, akakaa kwenye ukingo wa barabara, akalia mpaka akamaliza. Kisha tukapandisha.

Alianza kuhangaika kwamba hana cha kutukirimu. Sufuria zote zimebaki, hata majani ya chai hana. Mume wangu akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Hakuna chakula, hakuna malipo. Safari ilikuwa halali tangu mwanzo, hata bila maneno. Nilimwambia anyamaze.

Yule dada akaweka cherehani sakafuni chini ya dirisha, akapiga magoti, akatia uzi. Akanyoosha mkono kwangu bila kuuliza, nikavua koti. Alizungusha mkono wa cherehani, na mlio wake ukajaa chumba kile kitupu. Akakata uzi kwa meno, akanirudishia koti, mshono haukuonekana hata kidogo.

Mume wangu aliuangalia mkono wa koti. Akafungua kinywa. Nikamwangalia.

Hakuuliza.