Mrija Uliokuwa Ukicheza

Nyumbani kwetu Igoma, anayechuna mbuzi lazima amguse jicho kwanza, ahakikishe halipepesi. Jumapili ile baba alichinja, akanipa kisu. Niliinama ili niguse jicho, shemeji yangu akacheka: "Wageni wana njaa, wewe unampapasa kama mgonjwa?" Niliona haya, nikaanza kuchuna.

Nilipopasua tumbo niliona mrija mwembamba unaotoka kwenye figo kwenda kwenye kibofu. Ulikuwa unacheza. Ulijikaza juu, kijivimbe cha mkojo kikashuka, kisha ukajikaza tena. Nilimwita baba. Nilidhani nimemchuna akiwa hai.

Baba alikuja, akagusa jicho. "Amekufa. Huo mrija una misuli yake. Unajikaza na kulegea, unasukuma mkojo mpaka kwenye kibofu, na huwa unaendelea kwa muda hata mnyama akishakufa."

Shemeji alicheka tena. Mimi sikutulia, kwa sababu jicho la sasa halikuniambia mbuzi alikuwaje nilipoanza.

"Baba, mwanzoni sikumgusa jicho," nikasema.

Alinitazama, akachukua kisu, akamalizia mwenyewe.