Mita Mia Tatu za Gaudence

Gaudence alikuwa mpima maji kwa miaka ishirini na sita, na muda wote huo alikuwa na desturi moja iliyowachosha wenzake. Akishaona dalili za maji ardhini, alirundika mawe mahali pale, kisha asibanduke kijijini mpaka mtambo wa kuchimba ufike. Alikaa hata wiki mbili kwa watu, akila ugali wao wa uwele.

Mwaka 2003 akanunua GPS dukani, kifaa cha kusoma mahali kwa setilaiti, kidogo kama redio ya mfukoni. Alilewa nacho kabisa. Nyumbani kwake mjini, Chang'ombe, alikiwasha uani ili awaonyeshe majirani mahali walipo, kana kwamba walikuwa wamepotea.

Oktoba alipima kijiji kimoja cha Wasandawe huko Kondoa, akapata maji chini ya shamba la Mama Sidonia, mjane aliyekuwa akitembea mwendo wa saa tatu kwenda kisimani. Mama akaanza kuokota mawe ya kurundika pale.

"Acha, mama. Lima shamba lako," Gaudence alimwambia. "Setilaiti zimeshapaona."

Akaandika namba za mahali pale, akawapa wachimbaji, akarudi mjini kulala kitandani kwake.

Kumbe GPS yake ilifuata vipimo vipya vya dunia, na ya wachimbaji ilikuwa imepangwa kufuata ramani za zamani, zilizochorwa enzi za mkoloni. Namba zilezile zikawa mahali pawili, mita mia tatu kutoka hapa hadi pale. Wachimbaji walitoboa mpaka mita mia na ishirini, wakaambulia vumbi. Mkataba wao uliruhusu shimo moja tu kwa kila kijiji. Gaudence alipofika, mtambo ulikuwa umeshaondoka.

Alitazama shimo, akatazama shamba kule mbali. Ofisini walikuwa wakipunguza watu, na fomu ya ripoti ya kisima ilikuwa mkononi mwake. Angeandika tu kwamba kijiji hakina maji, asingeulizwa na mtu. Lakini kijiji kilichoandikwa hivyo hakipelekewi mtambo tena. Akaandika kwamba maji yapo na kosa ni lake, akatia sahihi kabla woga haujamshika. Kisha akaenda kwa Mama Sidonia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alimweleza yote bila kujitetea. Mama alisikiliza huku akifunga vyungu kwa kamba.

"Kwa hiyo maji yapo?"

"Yapo, mama. Palepale nilipokuonyesha."

"Mtambo utarudi lini?"

"Sijui. Labda mwakani. Labda miaka."

Mama Sidonia aliiacha kamba.

"Jana, mtambo ulipoondoka, nilikubali kuhamia kwa binti yangu huko mjini, Miyuji. Nililia, nikamaliza," alisema. "Ungeninyamazia tu, mwanangu. Sasa nitahamaje, na maji nayaacha chini ya shamba langu?"

Mama akaanza kuvifungua vyungu, kimoja kimoja.