Mwenzangu alipangiwa chuma, mimi nikapangiwa mawe: mtoto wangu, baba mkwe na dirisha la wodi Tukuyu

Wakuu hamjambo. Na wale mnaosoma kimya kimya bila kukomenti, hamjambo pia.

Juzi kuna memba aliuliza hapa kama ni salama kukubali kuingizwa kwenye utafiti hospitalini. Wengi mmemjibu kwamba tunafanywa panya wa maabara. Mimi niliwahi kuingizwa. Nawasimulia yaliyonikuta bila kuongeza chumvi, na mguu wenyewe ninao hapa, anayebisha aje aushike.

Ni miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, kila mtu anahangaika na lake. Mume wangu alikuwa Tunduma anauza mitumba, anarudi nyumbani akijisikia. Mimi nilibaki kwao, kijijini Masoko, na mtoto wetu Lusajo, bado ananyonya, pamoja na baba mkwe. Mama mkwe alishafariki. Mawifi wote wameolewa Kyela.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wasio wa kwetu.

Kwa Wanyakyusa wa wakati ule, hasa wazee, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani. Ukimsikia anakuja njia hii, wewe unaingia kwenye migomba mpaka apite. Chakula chake unapika wewe, lakini kinapelekwa na mtu mwingine au unakiacha mahali na kuondoka. Nilikaa pale kwao miaka kadhaa nikimjua yule mzee kwa kikohozi, kofia na mgongo. Msinicheke, ndiyo heshima niliyolelewa nayo.

Tuendelee.

Mafuso ya wanunuzi wa ndizi yalikuwa yanakuja kutoka Dar mpaka kijijini. Siku hiyo nilipanda juu kupanga mikungu, dereva akalisogeza gari bila kuangalia nyuma. Nikaenda chini. Paja lililia kama mtu amevunja kuni kavu.

Nikapelekwa hospitali Tukuyu, Lusajo akabaki na babu yake. Kitanda cha jirani nilimkuta dada mmoja wa Kawetele, Sekela, naye amevunjika paja, kagongwa na trekta la chai. Tulikuwa tunapiga kelele kwa zamu.

Kesho yake akaja daktari wa mifupa, mrefu, mpole, na wenzake. Akatueleza kuna njia mbili. Ya kwanza ni kulala chali mguu ukiwa umefungwa kamba, kamba inapita kwenye gurudumu mwisho wa kitanda, na huko inaning'inia mizigo ya kuvuta mfupa ukae sawa. Wagonjwa tuliita mawe. Ya pili ni operesheni, unawekewa chuma ndani ya mfupa wenyewe. Wao walitaka kulinganisha hizo mbili, na nani apate ipi ingeamuliwa kwa kura.

Nikamuuliza, "Sasa daktari, ipi nzuri?"

"Dada yangu, tungejua tusingepiga kura. Chuma kinakuamsha mapema, lakini ni kisu, na kidonda kinaweza kuoza. Mawe hayana kisu, ila utalala sana."

Nilikubali kwa sababu moja tu. Nilitaka chuma, niamke, nirudi kwa mwanangu.

Nesi akafungua bahasha zetu za kura. Sekela, chuma. Mimi, mawe.

Kilichofuata ni kichekesho, ingawa siku ile hakikuwa. Sekela alilia kwa sababu anaogopa kisu, mimi nikalia kwa sababu nakitaka. Akanigeukia, "Gwe sista, si tubadilishane tu?"

Nikaona huyu ana akili. Tukamwita nesi, tukampa wazo letu kwa furaha kabisa, kama watu wanaobadilishana magauni mnadani. Nesi alicheka mpaka akakaa.

Daktari akaja akatueleza taratibu. Kila mtu akichukua anachokipenda, mwisho hawatajua kama aliyepona vizuri amesaidiwa na tiba au alikuwa na nguvu zake tangu mwanzo. Asiyetaka utafiti ajitoe, hakuna wa kumfukuza, atatibiwa kwa kawaida.

"Na kawaida ni ipi?" nikauliza.

"Kawaida ni mawe, mama."

Basi nikabaki na mawe yangu.

Sekela akafanyiwa operesheni, akaugulia siku chache, mara namwona ana magongo anatembea wodini. Muda si mrefu akaruhusiwa. Alinikumbatia akasema atanitembelea, nami nikamjibu asijali. Moyoni nilimwonea wivu mpaka nikashindwa kula.

Wakuu, kulala chali wiki nenda wiki rudi na maziwa yamejaa kifuani, hicho kitu sijui nikielezeje. Nilikuwa nakamua kwenye kikombe, nesi anamwaga. Usiku matiti yakivuja nilijua Lusajo naye ameamka kule Masoko. Halafu yakaanza kupungua. Siku yalipokauka nilijifunika shuka usoni, nikalia kama nimefiwa.

Watoto wadogo hawakuruhusiwa kuingia wodini. Na mtu pekee wa kumleta alikuwa baba mkwe, ambaye hawezi kuja nilipo. Wanawake wengine baba mkwe akitokea wanajiondoa. Mimi nilikuwa nimefungwa kitandani, ningekimbilia wapi?

Siku moja ya soko nikasikia kile kikohozi nje ya ukuta, chini ya dirisha langu. Dirisha lilikuwa juu, kutoka kitandani naona mawingu na kipande cha mlima Rungwe tu.

Mzee akaanza kuongea na mtoto, kwa sauti kubwa.

"Lusajo, leo umekula nini? Umekula ndizi na maharage. Juzi ulihara kidogo, ukapewa uji, ukapona. Sasa unakimbiza kuku, unawachosha kuku wa watu."

Nikaelewa. Hakuwa anaongea na Lusajo. Nikapaza sauti nami, "Lusajo, mama anasikia! Mwambie babu ndaga fijo!" Ahsante sana, yaani. Wodi nzima ilikuwa inatusikiliza.

Akawa anakuja kila siku ya soko, kutoka Masoko kwa miguu na mtoto mgongoni. Mwanamume mzee kubeba mtoto mgongoni kwa kanga, miaka ile, barabarani! Walimcheka, najua walimcheka.

Mara moja nesi alimchukua Lusajo akamnyanyua dirishani anione. Mtoto akaona kamba, akaona mizigo inaning'inia, akaniona na mikono niliyomnyooshea. Alipiga ukelele, akajirusha kwa babu yake. Nikamwomba nesi asirudie tena. Tukabaki na sauti.

Mfupa ulishika. Nikafunguliwa, nikajifunza kusimama, nikarudi Masoko na magongo nikiwa na furaha ya harusi.

Mtoto hakunijua.

Alikuwa haachani na babu yake hata chooni. Alimwita Tata, baba. Na hapo ndipo ubaya ulipo: alipo baba mkwe mimi siruhusiwi kukanyaga. Kwa hiyo mwanangu anacheza uani, mimi nimejibanza nyuma ya jiko nasikiliza anavyocheka, kama niko bado hospitalini. Nilimtamani mtoto ambaye yuko hatua chache tu kutoka nilipo. Nikijaribu kumwita, analia.

Sikumlalamikia mtu. Ningemlalamikia nani?

Asubuhi moja jirani akaja na ujumbe. "Mzee amekwenda Kyela kwa binti yake, kusimamia mpunga. Amesema nikwambie mtoto ameshakunywa uji."

Msimu wa mpunga ulikuwa bado kabisa, wakuu. Kila mtu kijijini alilijua hilo.

Lusajo alilia siku nyingi akiangalia njia. Nilikaa naye pale pale kwenye njia, simshiki, nimekaa tu. Siku moja akachoka, akaja akalala pajani kwangu, kwenye paja hili hili. Sikuinuka hata mguu ulipokufa ganzi.

Mwaka ulipotimia tuliitwa hospitali kupimwa. Nilimkuta Sekela, tukakumbatiana, akanisimulia mwanawe alivyomkimbilia siku aliyorudi nyumbani. Daktari akatupima urefu wa miguu, akatuchuchumaza, akatutembeza huku na huko. Akafurahi.

"Miguu yenu ipo sawa. Ukiwaona barabarani huwezi kujua nani alipata chuma."

Sekela akasema ndiyo daktari. Mimi nikasema, "Miguu ni sawa. Lakini mwenzangu alirudi nyumbani mtoto wake akamkimbilia. Hilo mnalipima wapi?"

Akasema, "Hatukuliuliza. Tulipaswa." Nilimheshimu sana kwa jibu lile.

Baba mkwe hakurudi Masoko. Kila tukimwita alituma salamu kwamba mpunga umemshika. Alirudishwa kuzikwa. Kanisani wazee walishauriana, kisha mmoja akaja akaniambia, "Mama Lusajo, pita na wewe umuage."

Nikapita nimemshika mwanangu mkono. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuuona uso wake. Ulikuwa uso wa kawaida wa mzee mwembamba mwenye ndevu nyeupe chache. Nilitaka kumwambia ahsante bila kupitia kwa mtoto, na hakukuwa na wa kunisikia.

Nilichojifunza ni hiki. Utafiti si mtego. Bila watu kama mimi na Sekela madaktari wangebaki kukisia, na leo wagonjwa wengi wa paja wanaamshwa mapema. Ila ukiingia, uliza mpaka uridhike, na waambie una nani nyumbani anayekusubiri. Usingoje wakuulize wao.

Siku hizi mkwe wangu, mke wa Lusajo, anakaa na mume wangu sebuleni wanagombania rimoti. Nafurahi kuwaona. Ila ningepewa mimi dakika moja tu ya hivyo na mzee wangu, ningekubali kuvunjika na mguu wa pili.

Haya, uwanja ni wenu. Kama kuna mtu aliwahi kukulelea mtoto halafu akajiondoa ili mtoto akurudie, niambie ulimshukuruje, maana mimi bado natafuta namna.