Kombe la Manjano

Mwalimu wangu wa chuo alikuwa na tabia moja iliyotutoa jasho. Ukiwa unasoma ubao wako kwa kelele, unayumba mbele na nyuma pamoja na wenzako, yeye husogea nyuma yako pole pole, akafunika maandishi yote kwa kiganja, akaacha herufi moja tu ikichungulia kati ya vidole. "Hii?" Ukinyamaza, fimbo. Ukibahatisha, fimbo zaidi, kwa sababu kubahatisha, alisema, ni uongo uliovaa kanzu. Wengi pale walikuwa na juzuu amma yote, ile ya mwisho ya msahafu, kichwani na hawajui herufi hata moja kwa sura. Wao walikuwa wakiimba tu. Mie aliniambia, "Usisome kwa mdomo, soma kwa jicho. Mdomo huzoea. Jicho lisizoee."

Nilimpenda mtu yule. Nasema wazi, maana waliobaki hai siku hizi hudhani nilizaliwa na chuki naye. Chuo chake kilikuwa banda la makuti nyuma ya nyumba yake huko Temeke, enzi za vita vya Hitla, na mie nilikuwa msichana pekee aliyekaa mstari wa mbele. Ubao wangu ulipopasuka alinipa wake wa utotoni, mti mzito uliolainika kwa mikono ya watu. Wino tuliupika wenyewe kwa masizi, na ukikosea unaosha ubao, unaanza upya. Baba yangu alikuwa hamali bandarini, mtu mwema asiye na maneno, anayerudi jioni mabega yamevimba. Mapenzi yangu ya mchana yote yalikwenda kwa mwalimu.

Mama alikuwa msuka mikeka. Nilichojua juu yake ni ukili, jiko na ukali. Nikirudi chuoni nikamwonyesha ubao wangu, hutupa jicho mara moja, akasema "Vizuri, kachote maji," na mie huona huruma: maskini, mama yangu hajui alifu kwa kijiti. Hakuwahi kuniambia hivyo. Nilijiamulia mwenyewe.

Halafu mdogo wangu akaugua macho. Alikuwa kitinda mimba wetu, mtoto wa kuchekacheka, ndio kwanza anajua kukimbia bila kuanguka. Yalianza kama macho ya watoto wote mtaani, wekundu na tongotongo za asubuhi. Tukamwosha kwa maji ya vuguvugu. Jirani akaleta maziwa ya mwanamke anyonyeshaye, tukamdondoshea. Haikusaidia. Ikawa akiona jua analia, akajificha mvunguni mwa kitanda na kuku waliolalia mayai, na ukimwita anakuja akipapasa ukuta.

Mama akampeleka kwa mwalimu. Kila mtu alikuwa akimwendea, kwa homa, kwa mimba inayosumbua, kwa mume aliyepotea njia ya nyumbani. Alimshika mtoto kidevu, akatazama, akasema tutamwandikia kombe. Yaani angeandika Ayatul Kursi kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, sisi tungeiosha sahani ile kwa marashi na maji, mtoto akanywa, na yanayobaki tukampangusia macho. Akatoa na sharti. "Kwa dresa asipelekwe mpaka tumalize. Dawa mbili hazikai tumbo moja."

Dresa alikuwa kwenye zahanati ya serikali, upande wa barabara ya Kilwa. Alikuwa na dawa ya macho ndani ya vibomba, na watoto wa Kikristo waliotoka kwake nilikuwa nimewaona wakitembea na macho yanayong'aa. Lakini dresa alikuwa mtu wa kuja, kavaa kaptula, na mwalimu alikuwa wetu. Mama aliitikia, "Inshallah, mwalimu," na siku iliyofuata akamchinjia kuku.

Kazi ya kubeba sahani nilipewa mie, kwa sababu mkono wangu haukutikisika. Nilibeba za kwetu na za watu wengine, zimefunikwa kitambaa, na sheria ilikuwa moja: usifunue. Kombe la mtu likitazamwa njiani, nguvu zake humwagika. Niliitii sheria ile kwa moyo mmoja. Mdogo wangu alikunywa, tukampangusa, alilia kwamba inawasha, tukamwambia ni dawa inapigana na ugonjwa.

Siku moja nilibeba sahani mbili kwa pamoja, moja yetu, moja ya mke wa mwenye shamba la minazi, aliyekuwa akiumwa kichwa. Jua lilikuwa kali. Nilipofika kwenye mkorosho mmoja nikazitua chini nipumzike, nikainama kufunga kanga yangu vizuri. Pua ndiyo iliyoanza. Sahani moja ilinukia zafarani, ile harufu ya pilau ya Idi. Nyingine ilinukia jikoni kwetu. Ilinukia manjano, na manjano nilikuwa nikiyatwanga mwenyewe kila wiki, hakuna mtu wa kunidanganya juu ya manjano.

Nilijiambia, zafarani imeadimika kwa vita, kila kitu kimeadimika, huenda mwalimu anabana matumizi. Nilimtetea hivyo, nimepiga magoti kwenye majani makavu ya mkorosho. Kisha nikasikia sauti yake mwenyewe ikiniambia kubahatisha ni uongo. Nikafunua.

Sahani ya mwenye minazi ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko ule nilioupenda, mistari ikizunguka duara mpaka katikati, Ayatul Kursi nzima, hakuruka neno. Niliisoma mpaka mwisho. Nikafunua yetu. Alifu, be, te. Alifu, be, te, the, jimu. Ilizunguka hivyo mpaka ikajaa, herufi za mtoto wa siku ya kwanza chuoni, zimepigwa haraka haraka, nyingine hazina hata nukta. Hapakuwa na aya. Hapakuwa na neno. Nilifunika kwa kidole, nikaacha herufi moja, kama alivyonifundisha, nikajiuliza: hii? Na hii? Jicho langu halikukosea.

Niliifikisha sahani ya watu. Yetu nikaipeleka kwa mama mikononi, kitambaa nimekitupa begani.

"Mama, hili si kombe. Ameandika alifu be te tu. Na hii ni manjano. Ndiyo maana mtoto anawashwa."

Alinipiga kofi la mdomo. Mama hakuwa mtu wa kupiga mdomo, alipiga mgongo. "Umefunua? Humwogopi Mungu, unamsingizia mwalimu wako?"

"Tazama mwenyewe."

"Nitazame nini mie?" Akachukua sahani, akaitia maji, akaikoroga kwa vidole mpaka maandishi yote yakawa maji ya njano. Nilisimama pale nikiangalia ushahidi wangu ukinywewa na mtoto. Nilimsamehe papo hapo, kwa sababu hajui kusoma. Atajuaje?

Kesho yake nilingoja wenzangu watoke chuoni. "Shikamoo mwalimu."

"Marhaba mwanangu."

"Mwalimu, ile sahani ya kwetu ya jana, ilikuwa Ayatul Kursi?"

Alinitazama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Alinitazama kwa upole, kama anavyomtazama mtu wa kupita, mtu ambaye hakumfundisha chochote. "Ndiyo," akasema. "Ingekuwa nini?"

Angesema zafarani haitoshi, ningemwamini. Angesema, mwanangu, nimechoka, wagonjwa ni wengi na nyie hamna cha kunipa, ningelia lakini ningemwelewa. Yeye akaniambia ndiyo, mie, niliyepewa ubao wake. Jicho alilolinoa mwenyewe alitaka sasa lione asichoandika.

Juma lile lile alikuja kwetu jioni, kavaa kanzu safi, akakaa barazani na baba. "Binti yako amefika," akasema. "Nataka ahitimu."

Kuhitimu, asiyejua ajue, ni kumaliza msahafu wote mbele ya mwalimu. Ni heshima ya mtaa mzima. Mtoto huogeshwa, hupakwa hina, huvishwa kanga mpya, husoma mbele za watu, kisha hurudishwa kwao kwa dua na watoto wakiitikia amini. Mie nilikuwa sijafika hata nusu ya msahafu. Na msichana akishahitimu harudi chuoni. Hukaa ndani akangoja posa. Yule bwana hakuja kunitukana wala kunifukuza. Alikuja kunitoa kwa haluwa na marashi, na hakuna mtu angeweza kulalamika.

Baba alilia kwa furaha. Sijui alizipata wapi zile kanga wakati ule ambapo watu walizikwa kwa sanda za kuungaunga. "Mwalimu, sie watu wadogo, Mungu akulipe," akawa anasema, akimshika mkono kwa mikono yake miwili. Mama alikaa mlangoni na ukili wake, hakuinua kichwa.

Siku ikafika. Banda lilijaa, wanaume mbele, wanawake nyuma ya mkeka uliotundikwa, ubani unafuka. Mdogo wangu alikuwa amelala mgongoni kwa mama na kitambaa usoni. Mwalimu alinifungulia msahafu mahali ninapopajua kwa moyo, sura fupi za mwisho, ili nisimwaibishe. Akaniashiria nianze.

Niliufunga msahafu, nikaubusu, nikaurudisha juu ya kiegemeo chake cha mbao. Kisha nikasoma kwa sauti ya wageni wa chuo, kama mtoto wa siku ya kwanza: "Alifu. Be. Te. The. Jimu. Alifu. Be. Te. The. Jimu." Nikazungusha. Wanaume wakatazamana. Mtu mmoja akacheka, "Ana haya, mpeni maji." Mwalimu akaninong'oneza neno la kuanzia, midomo imekauka. Mie nikazidi kuzungusha, nimemkazia macho, na yeye akayashusha yake.

Hapo nyuma ya mkeka mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Wenzake wakamfuata, banda likajaa vigelegele, sauti yangu ikamezwa. Mwalimu akainua mikono haraka, akaomba dua, watu wakaitikia amini, mambo yakaisha. Kigelegele kile cha kwanza nilikijua. Kilikuwa cha mama. Nilidhani ameniokoa na aibu.

Asubuhi iliyofuata alimfunga mdogo wangu mgongoni akaniambia, "Twende." Hatukupita mbele ya chuo. Tulizunguka mashambani, kwenye mihogo yenye umande, kuelekea barabara ya Kilwa. Nilijua tunakwenda wapi. Nilijiona nimeshinda: mama hajui herufi hata moja, lakini ameniamini mie.

Tulipokuwa tumetoka mihogoni alisema bila kugeuka, "Ile uliyoileta na kitambaa begani ilikuwa na jimu. Za mwanzo hata jimu hakutia."

Nilisimama njiani. "Mama. Kumbe unasoma?"

"Mie nimehitimu kabla hujazaliwa. Nimehitimu kweli, si kwa haluwa."

"Na ulikuwa unaziona? Tangu ya kwanza?"

"Tembea, jua linatoka."

"Ukampa mtoto anywe!"

Hapo aligeuka. Uso wake ulikuwa umechoka, wala si wa mtu mwenye haya. "Ulitaka nimwambie nini? Nimwambie muongo? Baba yako akiangukiwa na gunia kesho, nani atakuja kumsomea? Wewe nani atakufungisha ndoa? Tukifa atatuzika dresa?" Akampandisha mtoto mgongoni. "Nilidhani yatapona yenyewe. Macho ya watoto hupona yenyewe."

Hata leo bado nina hasira na maswali yale. Mtu asiyejua nilimsamehe kwa kofi na kwa kila kitu. Huyu niliyekuwa nikitembea nyuma yake nilikuwa simjui.

Dresa alimlaza mdogo wangu juu ya meza, akamfungua kope kwa vidole vilivyonukia dawa. Jicho la kulia akasema litapona. La kushoto alilitazama muda mrefu. Utando mweupe ulikuwa umeshafunika kiini chote. Akafuta mikono, akamgeukia mama, mwenye mikono iliyopauka kwa ukili na kidole cha mwisho ambacho bado kilikuwa na doa la njano.

"Mama, mlikuwa wapi siku zote hizi?"

Nilimtazama mama. Nilingoja. Chumba kilikuwa kidogo, hapakuwa na mwalimu, hapakuwa na jirani wala mtu wa mtaa wetu. Palikuwa na sisi tu.

"Hatukujua, bwana," akasema mama. "Sie hatukusoma."

Dresa akatikisa kichwa kwa huruma. Aliamini mara moja, kama nilivyoamini mie. Akatoa karatasi ya kumpeleka mtoto hospitali kubwa mjini, wala hakumuuliza kama anaweza kuandika jina lake. Akafungua kibweta cha wino, akamshika mama kidole gumba, na mama akamwachia.