Mama Madoa, Aliyekiri Kosa Lake Nyumba kwa Nyumba

Alizaliwa tarehe kumi na tisa Machi, asubuhi ya mvua nzito isiyo na radi, katika kijiji kilicho mwendo wa siku nzima kutoka zahanati. Kwa mama yake alirithi mkono mwepesi wa kupaka kuta udongo, na alipoolewa, mama mkwe wake alitamba naye kwa wageni kama mtu anayetamba na ng'ombe wa maziwa.

Katika mwaka wa sita wa ndoa yake walifika wapulizaji dawa, mabomba mgongoni. Walieleza kwamba mbu akishashiba damu hutua ukutani kupumzika, na dawa humuulia hapo. Kwa hiyo kuta zisipakwe kwa miezi sita. Dawa ilikauka ikaacha madoa meupe. Wiki ya tatu padri alitangaza kwamba atakuja kubariki nyumba. Mwanamke huyu akaona haya, akakanda udongo, akayafunika madoa na dawa pamoja. Padri akaja, akamsifu. Mvua zilipokolea, mwanawe wa pekee, binti wa miaka minne, alishikwa na homa Jumanne. Alhamisi wakamzika.

"Bwana," alisali, "nimemuua kwa usafi."

Hapo ndipo Mungu alipomwita. Alijifunza kazi ya upulizaji, na kila alipomaliza nyumba alisimama mlangoni akasema mbele ya wenyeji: "Msipake. Mimi nilipaka, nikazika." Wengi walikereka, wakambandika jina la Mama Madoa. Katika nyumba tano zilizomtii, msimu ule hakuzikwa mtoto. Watu waliposema ni muujiza, alijibu, "Mungu katupa dawa, sisi tumwachie ukuta."

Jaribu lake kubwa lilikuwa uani kwake. Mama mkwe, aliyelea wajukuu watatu yatima, hakuruhusu bomba livuke kizingiti.

"Nyumba yangu iwe kama chui? Wewe mbu wako wanakuogopa, au wanaona kinyaa?"

"Mama, bora tuchekwe kuliko tupewe rambirambi."

"Toka hapa! Hujui hata kuomba mabaya yapite."

Mvua zilizofuata, mjukuu mdogo alianguka kwa homa. Mama Madoa alihamia kwenye nyumba ile ile, akamfunika mtoto kwa chandarua chake, akamnywesha dawa ya homa kutoka zahanati siku saba, yeye mwenyewe akilala wazi. Mtoto aliinuka. Wiki mbili baadaye homa ilimshika yeye, na mto ulikuwa umefurika, zahanati haifikiki. Alifariki tarehe mbili Juni, akiwa na miaka thelathini na minne.

Ndugu waamini, wengi wetu hukiri gizani tulichokosea mchana. Yeye alikiri mlangoni, akachekwa, akaendelea. Tumwige.

Kaburi lilipofukiwa, mama mkwe alishika mkono wa padri asiondoke.

"Baba, na ninyi nyote, nisikieni. Wapulizaji wakija, nyumba ya kwanza ni yangu. Vyombo nitavitoa nje kwa mikono hii. Anayetaka kunicheka aje anichekee mlangoni, wajukuu zangu wakiwa hai."